Mzaliwa wa Nairobi, Mbunge wa Neath

Peter Hain alizaliwa Nairobi tarehe 16 Februari 1950. Wakenya wenzangu wengi hawalijui hilo, hata wale wanaofuatilia siasa za Uingereza kuliko za kwao. Siwalaumu, maana hakukaa. Baba yake, Walter, alikuwa msanifu majengo kutoka Afrika Kusini. Mtoto akiwa bado mdogo familia ikarudi kwao, na Pretoria ndiyo iliyomlea. Lakini huyo ndiye aliyekuja kuwa mbunge wa Neath, kusini mwa Wales, kwa miaka 24, na waziri chini ya Tony Blair na kisha Gordon Brown.

Mimi naishi Neath. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee, na wengi wao ni wachimbaji makaa ya mawe wa zamani au wajane wa wachimbaji. Wakisikia natoka Kenya, wapo wanaonijibu kwamba hata Peter ni wa kwenu. Wanamwita Peter tu, bila cheo, ingawa siku hizi ni Lodi.

Walter na mkewe Adelaine walikuwa Wazungu waliokataa ubaguzi, wanachama wa Liberal Party, chama kidogo kilichopokea watu wa rangi zote. Mwaka 1961 walitiwa ndani wiki mbili bila kushtakiwa. Mwaka 1963 mama aliwekewa marufuku ya serikali, na mwaka uliofuata baba. Mtu aliyewekewa marufuku hakuruhusiwa kuzungumza na mwenzake mwenye marufuku. Sasa hawa ni mke na mume, wanalala chumba kimoja! Ikabidi serikali iwape kibali maalumu cha kusemezana ndani ya nyumba yao.

Rafiki yao John Harris alitega bomu katika stesheni ya reli ya Johannesburg mwezi Julai 1964, na bibi mmoja mzee akafa. Harris alinyongwa tarehe 1 Aprili 1965. Walter ndiye aliyestahili kusema maneno ya mazishi, lakini marufuku ilimziba mdomo. Aliyesimama kuyasoma mbele ya jeneza ni mwanawe wa miaka 15. Ukitaka kujua Peter Hain alianza siasa lini, ni hapo.

Mwaka 1966 Walter alinyimwa kazi kila alikobisha hodi. Wakapanda meli kwenda Uingereza, wakaweka makazi Putney, London. Miaka mitatu baadaye kijana huyo, ambaye hajatimiza hata 20, alikuwa kiongozi wa kampeni ya kuizuia Afrika Kusini ya Makaburu kucheza Uingereza. Timu ya raga ya Springboks ilipozuru mwishoni mwa 1969, waandamanaji waliingia uwanjani katikati ya mchezo, na mmoja wao alijifunga kwa mnyororo kwenye usukani wa basi la wachezaji. Hapa Swansea, jirani zetu kwa treni, mechi ya Novemba mwaka huo iliishia kwa waandamanaji kupigwa vibaya na walinzi wa uwanja. Kriketi nayo ilipangiwa majira ya joto ya 1970. Uwanja wa Lord's ukazungushiwa seng'enge kama kambi ya jeshi, na hatimaye serikali ikawaomba wenye mchezo waifute ziara. Ikafutwa.

Aliyalipia hayo. Mwaka 1972 mahakama ilimtia hatiani kwa kula njama, akapigwa faini ya pauni 200. Mwaka huohuo bomu lilitumwa kwa posta hadi nyumbani kwao, na hitilafu ya mtambo ndiyo iliyowaokoa. Oktoba 1975 alitoka kwenda kununua utepe wa taipureta, akajikuta ameshtakiwa kunyakua pauni 490 kutoka benki ya mtaani. Kesi ilisikilizwa mwaka uliofuata, akaachiwa huru. Mwenyewe ameshikilia daima kwamba majasusi wa Afrika Kusini walikuwa na mkono wao humo.

Watu hudhani mwenye jina kubwa namna hiyo hupewa ubunge kwenye sahani. Yeye alianza na vijana wa chama cha Liberal cha Uingereza, akahamia Labour mwaka 1977, akagombea Putney mara mbili, 1983 na 1987, na mara zote akaanguka. Riziki yake ilikuwa katika chama cha wafanyakazi wa posta, akiwafanyia utafiti. Neath ilikuja baada ya kifo cha mbunge Donald Coleman, na uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 4 Aprili 1991.

Neath ni mji wa raga hasa. Chama cha raga cha Wales kiliundwa hapahapa mwaka 1881, katika hoteli ya Castle. Na huyu anayekuja kuomba kura ndiye aliyeivuruga raga nchi nzima, tena hana damu ya Wales hata tone! Walimpa kura, naye akahamia kwenye bonde letu, kijiji cha Resolven. Septemba 2011 mgodi wa Gleision ulipofurika maji na wachimbaji wanne wakafa, alikuwa pamoja na familia zao. Wajane ninaowahudumia wanalikumbuka hilo kuliko uwaziri wake wote.

Msomaji wa Mombasa au Tanga huenda anajiuliza mzaliwa wa ng'ambo anaruhusiwaje kugombea ubunge. Sheria ya huku ni pana kuliko tunavyodhani. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anapiga kura bila kuwa na uraia wa Uingereza, na akiwa na ruhusa ya kudumu anaweza hata kugombea. Anatakiwa awe ametimiza miaka 18, apate saini 10 za wapiga kura wa jimbo na aweke dhamana ya pauni 500, ambayo huipoteza asipovuka asilimia 5 ya kura. Mwaka 2024 karani wa kituo cha kura aliipokea pasipoti yangu ya Kenya, akaiangalia picha, akaniangalia mimi, akanipa karatasi. Penseli ilikuwa imefungwa kwa uzi mezani.

Labour ilipoingia madarakani, Hain alishika wizara nyingi. Akiwa waziri wa masuala ya Afrika, mwaka 2000 aliwataja kwa majina bungeni watu waliokuwa wakiwauzia waasi wa UNITA wa Angola mafuta na silaha. Lakini kwangu mimi kazi yake nzito ni Ireland Kaskazini, 2005 hadi 2007. Aliwaambia wajumbe wa Stormont, bunge la huko, wasipoelewana mishahara itakatwa, na bili za maji ambazo wananchi walizichukia zitatumwa. Hata kuwakalisha pamoja kulikuwa kazi. Upande wa Ian Paisley, wanaotaka kubaki Uingereza, ulitaka kutazamana na wapinzani; upande wa Gerry Adams, wanaotaka Ireland moja, ulitaka kukaa bega kwa bega. Maofisa wakapanga meza kwa umbo la almasi, wawili hao wakakaa kwenye kona moja: wako ubavuni na pia wanatazamana. Tarehe 8 Mei 2007 serikali ya pamoja ikaapishwa.

Januari 2008 alijiuzulu. Alikuwa amegombea unaibu wa kiongozi wa Labour, akashika nafasi ya tano kati ya sita, na michango ya kama pauni 103,000 haikutangazwa kwa wakati. Bomu halikumwua, mahakama haikumfunga, akaja kuangushwa na fomu! Desemba waendesha mashtaka walisema hatashtakiwa, na mwaka 2009 akarudi kuwa waziri wa Wales hadi Labour iliposhindwa. Mimi namwona alikuwa mzembe, si mwizi. Mbunge anayetunga sheria za fedha za vyama hana kisingizio cha shughuli nyingi.

Aliacha jimbo mwaka 2015, akaingia Baraza la Malodi, na mwaka huohuo Afrika Kusini ikampa nishani ya O.R. Tambo. Haikumfunga mdomo. Mwaka 2017 alisimama barazani kuzisema benki kubwa kwa kupitisha fedha za familia ya Gupta zilizochotwa Afrika Kusini wakati wa urais wa Jacob Zuma, na Novemba 2019 alikaa Johannesburg mbele ya tume ya Jaji Zondo, iliyochunguza ufisadi huo, kutoa ushahidi, akiwa na miaka 69, akizilaumu benki na serikali za nje, ya Uingereza ikiwemo.