Yadi 6 za Marehemu Mama: Namna ya Kuinua Kitambaa kwa Sindano na Uzi

Kitenge kikitoka dukani huwa bapa. Rangi zinang'aa, maua na ndege wamejaa, lakini ukifumba macho ukakipapasa, mkono haugusi chochote zaidi ya kitambaa laini. Fundi ndiye anayeweza kukifanya kiinuke. Anakikunja marinda membamba, anakifinya kwa uzi, au anakijaza pamba kwa nyuma. Leo ningependa kuwaeleza wasomaji njia hizo tatu, hasa wale wenye binti anayekua haraka, mwanafunzi anayekaribia mahafali, au mzee anayeshinda ndani wakati wa baridi.

Hii si kazi ngeni kwetu. Kofia za viua za Zanzibar na Lamu hutobolewa tundu ndogo ndogo, na kila tundu huzungushiwa uzi mpaka ukingo wake unasimama. Mtu akiishona kwa mkono, kofia moja humchukua wiki nyingi. Kule Kasai, nchini Kongo, wanawake wa Kishoowa hupitisha uzi wa rafia katika kitambaa cha rafia kilichofumwa na wanaume, kisha huukata juu kidogo tu. Nyuzi zilizokatwa husimama kwa pamoja kama manyoya ya mahameli. Kwa hiyo nikisema kitambaa kinaweza kuinuka, nasema jambo ambalo bibi zetu walilijua.

Katika familia yetu kazi hii ilikuja kwa sababu ya kitenge kimoja. Mama alipofariki, tulikuta katika sanduku lake yadi 6 ambazo hazijawahi kuguswa na mkasi. Ndege weupe wameruka juu ya rangi ya samawati, na katikati yao kuna nukta ndogo zilizopangwa kwa mistari. Alikinunua Uvira, akakibeba hadi kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na akakileta hapa Marekani bila kukivaa hata siku moja. Mimi niko Louisville, mdogo wangu wa kiume yuko Columbus, na mama mkubwa, dada yake marehemu, yuko Buffalo. Tukakubaliana kila nyumba ipate yadi 2. Hakuna duka ambalo lingeweza kutuuzia kingine kama kile, kwa hiyo hatukuwa na nafasi ya kuharibu.

Hesabu kwanza, mkasi baadaye

Kitambaa kinachoinuka hupungua upana. Urefu unaoupata juu unatoka pembeni. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na mafundi wengi wanaoanza huisahau. Rinda lenye kimo cha milimita 3 linakula milimita 6 za kitambaa, kwa sababu linapanda na kushuka. Ukishona marinda 12 ya aina hiyo, umekula milimita 72, yaani zaidi ya sentimita 7. Kama ulikuwa umeshakata kifua cha gauni kwa kipimo cha mtoto, gauni halitamwingia.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu. Fua kitenge kwanza, kwa sababu ni pamba na kinaweza kuruka. Kipige pasi. Shona marinda au vifinyo kwenye kipande kikubwa cha mstatili. Ukimaliza, ndipo uweke karatasi yako ya kukatia juu yake na ukate umbo la nguo. Nyumba zetu zote tatu zilifuata utaratibu huo huo, ingawa kila moja ilishona kitu tofauti.

Louisville: marinda ya kukulia

Yadi 2 ni sentimita 183, na upana wa kitenge chetu ulikuwa kama sentimita 115. Kinatosha gauni la mtoto wa miaka 7, na kinabaki. Lakini mtoto wa umri huo anarefuka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na sikutaka kitenge cha bibi yake kiishe kazi baada ya mahafali moja ya shule.

Kifuani nilishona marinda 12 membamba. Chora mstari kwa chaki upande wa ndani, kunja juu ya mstari, piga pasi, halafu shona milimita 3 kutoka kwenye ukingo wa mkunjo. Usiharakishe cherehani, maana jicho huona haraka sana rinda lililopinda. Ukimaliza yote, yalaze upande mmoja kwa pasi. Ukitaka yaonekane kama mawimbi, pitisha mshono wa kukatiza juu yake ukiyalaza kulia. Sentimita 4 chini yake pitisha mwingine ukiyalaza kushoto, na uendelee hivyo kwa kubadilishana. Mwanga wa dirisha ukigonga hapo, kitambaa kinaonekana kama maji ya Tanganyika asubuhi.

Chini ya sketi, juu ya pindo, niliweka marinda 3 makubwa, kila moja la kimo cha sentimita 2. Hayo matatu yamemeza sentimita 12 za urefu. Kwa macho ni pambo, lakini ndani yake ni akiba. Mtoto akirefuka nafumua moja na gauni linashuka sentimita 4. Shona marinda haya kwa mshono mrefu ili yafumuke bila kuchana kitambaa. Alama ya mkunjo wa zamani itabaki, kwa kuwa sehemu iliyofichwa haikupauka kwa jua, basi ifunike kwa utepe au lesi.

Jambo jingine nililojifunza hapa Louisville linatokana na mifarishi, yale mashuka mazito ya tabaka tatu ambayo wenyeji wa Kentucky wameyashona kwa vizazi. Mwaka 1981 ulianza hapa mradi wa kuorodhesha mifarishi ya zamani ya jimbo zima, na ulikuwa wa kwanza wa aina hiyo nchini Marekani. Watu walitoa majumbani kazi za bibi zao ambazo zilikuwa zimekunjwa kabatini, zikapigwa picha na kuandikwa. Ukiutazama mfarishi kwa karibu, utaona mshono unapopita kitambaa kinazama, na usipopita kinavimba kwa sababu ya pamba iliyo chini. Kanuni hiyo ndiyo niliyosafiri nayo kwenda Columbus.

Columbus: ndege walioinuka

Barabara kuu namba 71 inatoka Louisville, inapita Cincinnati na kufika Columbus. Binti wa mdogo wangu alikuwa anamaliza chuo. Nilipomuuliza nimshonee gauni la namna gani, alinijibu, "Shangazi, gauni nitalivaa mara moja. Nishonee skafu ya mahafali, nitaitundika ukutani maisha yangu yote."

Tulikata mikanda miwili yenye upana wa sentimita 12, tukaiunganisha nyuma ya shingo. Ndege wa kitenge walikuwa na ukubwa wa kiganja, na tuliwainua kwa njia inayojulikana kwa jina lake la Kiitaliano, trapunto. Nayo ni hivi. Weka kitambaa chembamba cheupe cha pamba nyuma ya kitenge na ushikize kwa bandi. Shona kuzunguka umbo la ndege, ukifuata mstari wa rangi. Geuza. Kwa ncha ya mkasi, chana tundu dogo kwenye kitambaa cheupe tu, usiguse kitenge. Ingiza pamba ya kujazia mito, kidogo kidogo, ukiisukuma kwa kijiti butu hadi mdomoni na kwenye ncha za mbawa. Funga tundu kwa sindano ya mkono. Mwisho weka bitana ili kazi ya nyuma isionekane. Ukijaza kupita kiasi, kitambaa cha pembeni kinajikunyata na skafu haitalala vizuri kifuani. Zamani mito yetu tuliijaza sufi, lakini kwa nguo itakayofuliwa pamba ya dukani ni bora zaidi.

Siku iliyofuata alinipeleka Columbus Museum of Art kunionyesha kazi za Aminah Brenda Lynn Robinson, msanii aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1940 na kukulia Poindexter Village, mtaa wa nyumba za serikali. Mama yake alimfundisha kazi ya sindano. Alishona vitambaa vikubwa alivyoviita RagGonNon, vyenye vifungo, shanga na vipande vya nguo vilivyopandana. Kimoja kingeweza kumchukua miaka mingi. Mwaka 2004 alipata tuzo ya MacArthur, na alipofariki mwaka 2015 aliiachia jumba hilo la makumbusho mali yake. Vitu alivyoshonea ni vile ambavyo wengi wetu tunavitupa, kama vifungo vilivyobaki na nguo zilizochakaa. Binti yetu aliporudi nyumbani alikata vifungo 7 kwenye sweta kuukuu la bibi yake, akavishona pembeni mwa ndege wa chini. Nilimwacha afanye mwenyewe.

Buffalo: vifinyo vya sega

Kutoka Columbus hadi Buffalo ni mwendo wa kama saa tano kwa gari. Mama mkubwa ameshapita miaka 70. Kiingereza chake ni cha salamu, na theluji ya Ziwa Erie ikianza, hatoki. Wajukuu wanamwamkia, kisha kila mmoja anarudi kwenye simu yake. Fungu lake la kitenge alilitaka kwa kazi moja tu, mito miwili ya sebuleni.

Yeye ndiye aliyeona kwamba zile nukta zilizopangwa ni vipimo vilivyo tayari. Kwa kawaida mtu anayefinya kitambaa huchora kwanza nukta upande wa ndani, kila baada ya sentimita 2 au 3. Kisha anadaka nyuzi chache kwenye nukta ya kwanza, anadaka tena kwenye ya pili, anavuta zikutane na kufunga fundo. Anakwenda kwenye nukta ya tatu akiuacha uzi ulegee bila kuuvuta, anafunga fundo hapo, anaidaka ya nne na kuvuta tena. Sheria ni kuvuta, kulegeza, kuvuta, kulegeza. Mstari unaofuata unaanza nukta moja mbele, ili vifinyo vipishane. Ukigeuza upande wa nje, unakuta kitambaa kimejipanga kama sega la nyuki.

Aliwaita wajukuu wawili, akawapa kipande cha majaribio cha sentimita 20 kwa 20. Kilipofinywa kikabaki 12. Mkubwa wao, wa darasa la sita, akapiga hesabu: mto wa sentimita 45 unahitaji kitambaa cha sentimita 75. Miwili ni 150, na sisi tuna 183. Kinatosha, na unabaki ukanda. Mgongo wa mito tulitumia kitambaa kingine. Nilikaa pale siku tatu, na jioni zote tatu watoto walikuwa miguuni pa bibi yao wakishika sindano, huku akiwaambia kwa Kiswahili, "Usivute sana, mwanangu, kitambaa nacho kinaumia." Maneno kama fundo, bandi, pindo na mkunjo hawakuyajua kabla.

Kwenye mtaa wa Niagara, Buffalo, kuna kituo kinachoitwa Stitch Buffalo, kilichoanzishwa mwaka 2014 na Dawne Hoeg kwa ajili ya wanawake wakimbizi na wahamiaji. Wanashona na kutarizi pamoja, na kazi zao zinauzwa. Vitambaa na nyuzi zilizotolewa na watu huuzwa tena kwa bei nafuu. Kama una mama au shangazi katika mji huo ambaye mikono yake inajua kazi, mpeleke akaone.

Bei ya mkono

Mto mmoja wa mama mkubwa ulichukua saa 9. Jirani mmoja, mwenzetu wa nyumbani, aliupenda akataka ashonewe kama huo, akatoa dola 20. Nikamwomba tupige hesabu pamoja. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara katika sehemu hiyo ya jimbo la New York kilikuwa dola 15.50 kwa saa. Saa 9 ni dola 139.50, kabla hujanunua kitambaa. Hakukasirika. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama mama mkubwa angeweza kumfundisha binti yake badala yake. Wamekubaliana Jumamosi moja kwa mwezi.

Nalisema hili kwa sababu sisi wenyewe ndio wa kwanza kushusha bei ya kazi hii. Gauni la dukani tunalilipia bila neno, lakini la fundi wetu tunaomba "bei ya kidugu". Unayeshona, andika saa zako kwenye daftari hata kama hutozi kitu, ili siku ukitoza ujue unatoza nini. Unayeshonewa, uliza ni saa ngapi kabla ya kuuliza ni dola ngapi.

Anza na kipande kidogo

Usianze na kitenge cha urithi. Tafuta shuka kuukuu la pamba, kata vipande vitatu vya sentimita 20 kwa 20. Cha kwanza kishone marinda, cha pili kifinye, cha tatu kichore ndege mmoja umjaze pamba. Pima kila kipande kabla na baada, na uandike vipimo hivyo pembeni kwa kalamu. Hivyo vipande vitatu ndivyo vitakavyokuambia ni yadi ngapi za kununua, au kama fungu ulilopewa linatosha. Mtoto wa miaka 9 anaweza kufanya cha pili akisimamiwa. Na kama nyumbani kwako kuna mzee, mpe yeye nafasi ya kukaa karibu na dirisha, wewe shika mkasi.