Filta ya AC haioshwi

Ukimweleza fundi kwamba AC ya gari imepunguza upepo, mara nyingi utaambiwa ujaze gesi. Kabla hujatoa hela, fungua droo ya dashibodi iliyo mbele ya abiria. Kwenye magari mengi madogo ya Kijapani yaliyojaa barabarani kwetu, nyuma ya droo hiyo kuna kifuniko chembamba cha plastiki, na ndani yake filta iliyokunjwakunjwa. Ivute taratibu. Kama haijaguswa muda mrefu, utakuta majani makavu na mabawa ya kumbikumbi, na kwenye mikunjo vumbi limeshikamana na masizi hadi kitu kilichokuwa cheupe kimekuwa cheusi. Feni inahangaika kuvuta hewa kupita hapo. Gesi haina kosa.

Wengi huipeleka kwenye kompresa ipulizwe, au huiosha kwa sabuni na kuianika. Nawaelewa, lakini hapo ndipo inapoharibika.

Tumezoea kudhani filta hufanya kazi kama chekecheke: kikubwa kinabaki, kidogo kinapita. Sivyo. Nafasi kati ya nyuzi zake ni kubwa kuliko chembe za moshi wa dizeli, ambazo nyingi hazifiki hata mikromita 0.3, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban mikromita 70. Lingekuwa suala la matundu tu, moshi ungepita wote.

Siri hiyo ilichunguzwa kwa makini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari walipohitaji barakoa za kuzuia moshi wenye sumu. Irving Langmuir, mkemia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi hiyo. Yeye na waliomfuata walionyesha kwamba chembe nzito hushindwa kupinda pamoja na hewa inapouzunguka uzi, hivyo huugonga na kunasa. Chembe ndogo kabisa nazo husukumwa huku na huko na molekuli za hewa, zikatangatanga hadi ziguse uzi. Zinazosumbua ni za katikati, zenye takriban mikromita 0.3, kwa sababu hazina uzito wa kugonga wala wepesi wa kutangatanga.

Ili kuzinasa hizo, wataalamu walitia chaji ya umeme kwenye nyuzi zenyewe. Mwaka 1995 Peter Tsai, mzaliwa wa Taiwan aliyekuwa Chuo Kikuu cha Tennessee, alipata hataza ya njia ya kuchaji nyuzi za aina hiyo, na barakoa za N95 zimefaidika nayo sana. Filta nyingi za magari zina nyuzi zenye chaji vilevile. Umeme huo hautoki kwenye betri; umo ndani ya plastiki, na ndio unaovuta vumbi laini. Sabuni huudhoofisha. Kompresa nayo hutawanya nyuzi na kuacha mianya. Filta iliyooshwa itang'aa na upepo utarudi kwa nguvu, lakini moshi utapita nao, na jicho halitaona tofauti yoyote.

Moshi huo si wa kuchezea. Tangu mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO limeuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ukikwama kwenye foleni nyuma ya lori linalotoa moshi, funga njia ya hewa ya nje, na ukishalipita uifungue tena, kwani hewa inayozunguka ndani tu hujaa kabonidioksidi, na hiyo huleta usingizi.

Kwa hiyo nunua mpya. Si lazima iwe ya kampuni iliyotengeneza gari. Muhimu ni ikae sawasawa bila kuacha upenyo pembeni. Nenda dukani na ile ya zamani uilinganishe. Kuifunga ni kazi ya dakika chache, na kwa magari mengi haihitaji hata bisibisi. Angalia mshale uliochorwa ubavuni: kwa kawaida huonyesha hewa inakoelekea, yaani kwenye feni. Kilomita 15,000 au mwaka mmoja ni kipimo cha kuanzia. Anayepita barabara za vumbi kila siku abadilishe mapema zaidi.

Magari mengine yana nafasi ya filta lakini ndani ni patupu. Kabla ya kununua gari lililotumika, fungua droo uangalie.