Milimita Thelathini Zilizopotea

Tarehe 3 Mei 2016, joto katika mji wa Fort McMurray, kaskazini mwa jimbo la Alberta nchini Kanada, lilipita nyuzi 32 za Selsiasi. Theluji ilikuwa imeshayeyuka, majani mapya hayajachipua, hewa kavu, upepo mkali. Moto ulioanza msituni siku mbili nyuma ukaingia mjini. Watu wapatao 88,000 walikimbia, na majengo kama 2,400 yakateketea.

Ukitazama wastani wa joto wa mwezi ule, siku hiyo huioni. Hapo ndipo wanaoiga misitu ya kaskazini kwa kompyuta wanapopata taabu: takwimu za tabianchi mara nyingi huwafikia zikiwa za mwezi mzima, ilhali msitu huishi siku kwa siku.

Chukua mvua. Kanada hukadiria hatari ya moto kwa mfumo ulioanza mwaka 1970, ambao kila adhuhuri hupokea joto, unyevu wa hewa, kasi ya upepo na mvua ya saa 24. Katika hesabu ya tabaka la mboji chini ya miti, mvua isiyozidi milimita 1.5 kwa siku haihesabiwi kabisa, kwani huishia kwenye matawi na majani makavu ya juu. Sasa mwezi umepata milimita 30. Zikinyesha kwa siku mbili, mboji hulowa barabara. Mtaalamu akizigawa sawasawa, milimita moja kila siku, zote thelathini hupotea, na kompyuta hutangaza ukame.

Joto nalo lina mitego yake. Wiki moja ya nyuzi 5 chini ya sifuri ikifuatwa na wiki ya nyuzi 10, wastani ni 2.5; modeli inayosubiri nyuzi 5 ili miti ianze kukua itasema bado, wakati miti imeshakula wiki nzima ya jua.

Ndiyo maana zipo programu zinazochukua takwimu za mwezi na kubuni siku moja moja: ipi ya mvua, ipi kavu. Zinasaidia, ila mara nyingi hubana mno vipindi virefu vya ukame, na kosa hilo si dogo hata kidogo, kwani vipindi hivyo ndivyo huandaa mioto mikubwa. Kati ya 1959 na 1997, mioto iliyozidi hekta 200 ilikuwa takriban asilimia 3 tu ya mioto yote ya misitu Kanada, lakini ndiyo iliyounguza karibu asilimia 97 ya eneo lote lililoungua.