Nilimweka Mtoto Langoni, Kawangware Wakachukua Fahali

KAZI ya umaneja wa timu ya mtaa haina mshahara, lakini lawama zake hulipwa kila Jumapili jioni, tena taslimu. Nimeifanya kazi hiyo Kibera kwa miaka mingi, na wapenzi wa kabumbu wa Makina na Laini Saba ambao wamewahi kunitukana watanitambua hata nisipotaja jina la timu. Leo nataka kusimulia juu ya majina kumi na moja niliyoyaandika usiku mmoja wa Februari 2004.

Wiki hiyo ilianza vizuri. Jumatatu, tarehe 2, tulijazana katika ukumbi wa video, watu wamekaa hadi mlangoni, tukitazama Harambee Stars wakicheza na Burkina Faso mjini Bizerte, Tunisia, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulikuwa tumekwisha kutolewa. Mali walitufunga 3-1, Senegal wakatufunga 3-0, na wengi walikuja kutazama mazishi tu. Emmanuel Ake akafunga la kwanza katika kipindi cha pili. Kisha Dennis Oliech akatia la pili, na John Baraza akakamilisha la tatu. Ule ndio ushindi wa kwanza kabisa wa Kenya katika fainali hizo, ambazo tulianza kuzicheza mwaka 1972. Na Oliech, msomaji, alikuwa akitimiza miaka 19 siku ile ile.

Mwalimu wa timu alikuwa Jacob Mulee, yule wanayemwita Ghost. Nilimwonea wivu. Si kwa sababu ya ushindi, bali kwa sababu kijana wake alikuwa amekwisha kujulikana. Oliech alitokea Mathare United, timu iliyozaliwa mwaka 1994 kutokana na chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanzishwa mwaka 1987, na wakati huo alikuwa akicheza Al-Arabi ya Qatar. Ukimpanga kijana kama huyo akashindwa, watu husema bahati mbaya. Lakini ukimpanga kijana ambaye asubuhi alikuonekana akisukuma mkokoteni wa maji, akashindwa, watu wanasema umerogwa.

Mimi nilikuwa na kijana wa aina hiyo. Alikuwa na miaka 16, kidato cha pili, mrefu kama mlingoti, mikono inafika popote. Umri wake niliuamini kwa kuwa mamake ndiye aliyeniambia. Wako wengine katika timu yangu waliokuwa na miaka 17 kwa miaka mitano mfululizo. Mazoezini penalti tano alizuia tatu. Kipa wetu mkubwa alikuwa na miaka 36 na goti lililofungwa bendeji. Lakini huyo hakuwa kipa tu. Nilipohama kutoka kijijini ndiye aliyenipa mahali pa kulala. Jezi zilifuliwa nyumbani kwake. Pesa za refarii zikipungua, yeye ndiye alitoa mfukoni, wala hakuwahi kuzidai.

Jumapili ile tulikuwa na nusu fainali ya kombe la mitaa huko Kawangware, na mshindi wa kombe angepata fahali. Usicheke. Kwa timu ambayo wachezaji wake wengine huingia uwanjani wamekunywa chai ya rangi tu, fahali ni jambo la kulaza watu macho.

Jumamosi usiku nilikaa na kalamu na karatasi. Jina la kipa ndilo huandikwa kwanza, na mimi nikaanza na winga wa kushoto. Nikaandika wote kumi, nafasi ya juu ikabaki wazi. Hesabu yangu ilikuwa hivi: washambulizi wa Kawangware walikuwa wafupi wenye mbio, waliopenda mipira ya chini ya kupenyezwa. Kipa mwenye goti bovu hawezi kutoka haraka langoni. Kijana anaweza. Hiyo ndiyo sababu, na nilipoiandika karatasini ilionekana safi. Ila haikusema nitamwambiaje mwenye nyumba aliyenihifadhi.

Nilimwambia njiani. Tulikwenda kwa miguu, tukapitia Toi, tukafuata Barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, ndipo tukashika Naivasha Road. Pale Corner nikamvuta kando. "Ndugu yangu, leo nitamwanzisha mtoto." Akatazama matatu zikipita. "Wewe ndiwe maneja," akasema, akaendelea kubeba mfuko wa jezi.

Dakika ya kumi na mbili, mpira mwepesi kabisa, ambao hata mimi na tumbo langu ningeudaka, ukamponyoka kijana mikononi ukaingia wavuni. Uwanja ulilipuka. Katibu wetu akanishika shati: "Mtoe! Mtoe sasa hivi!" Nikatazama benchi. Kaka yule alikuwa amekwisha kuvaa glavu.

Nasema kweli, nilinyanyua mkono kumwita refarii. Kisha nikaushusha. Nilifikiri kwamba nikimtoa sasa, mbele ya Kawangware nzima, huyu hatasimama langoni tena maishani mwake. Huenda nilikosea. Maneja anayetaka fahali angemtoa.

Hakufungwa tena hadi dakika za mwisho. Alitoka langoni mara nne kuwapokonya wale wafupi mpira miguuni, kama nilivyopiga hesabu. Tulisawazisha kwa kichwa. Halafu ikaja kona, beki wetu akaugusa vibaya, ikawa 2-1, na kosa hilo halikuwa la kipa hata kidogo. Jambo hilo hakuna aliyelikumbuka tuliporudi. Kibera walikumbuka lile la kwanza.

Mwezi Agosti 2025 nilipomwona Ryan Ogam, kijana wa miaka ishirini na ushei, akiifunga Morocco bao la pekee pale Kasarani katika michuano ya CHAN, watu waliniambia: unaona faida ya kuamini vijana? Nikanyamaza. Bao likiingia, kila mtu alikuwa amewaamini vijana tangu zamani.

Jioni ile ya Kawangware, mama wa kijana alinijia mlangoni. "Mwalimu, hataki kula. Anasema amewanyima watu nyama." Nikamwambia amlete mazoezini Jumanne.

Alikuja. Jumamosi nikaketi tena na karatasi, na safari hii jina lake nililiandika kwanza. Kaka yule alileta jezi zimefuliwa na kupigwa pasi kama kawaida, akaziweka chini, akaondoka. Hakuniamkia hadi Pasaka.