Jicho la Aliyejitwika Ndoo

Shaaban Robert anaposema "mimi" katika tawasifu yake, Maisha Yangu, msomaji hahitaji kuuona uso wake ili aandamane naye. Filamu haina urahisi huo. Kamera ikikaa mahali pa macho ya mhusika, tunaona anachokiona, lakini yeye mwenyewe anatupotea: hatumwoni akimeza mate wala mdomo ukimtetemeka.

Mwongozaji Robert Montgomery alijaribu njia hiyo mwaka 1947. Filamu yake, Lady in the Lake, karibu yote inapita machoni mwa mpelelezi; uso wake tunauona kwenye kioo, au anapoacha kisa na kuzungumza nasi. Waigizaji wengine walilazimika kuikazia macho lenzi kana kwamba ni mtu. Nauheshimu ujasiri ule, ila filamu inachosha.

Dawa ya tatizo hilo naiona kwa mwongozaji RaMell Ross, katika Nickel Boys ya mwaka 2024. Yeye ametumia macho ya watu wawili: Elwood na Turner, vijana weusi waliofungiwa katika shule ya adabu huko Florida, Marekani. Wanapokutana kwenye bwalo la chakula, tunamtazama Turner kwa macho ya Elwood. Kisha tukio lilelile linarudiwa, safari hii kwa macho ya Turner, na hapo ndipo tunamwona Elwood sawasawa. Uso wake tumeupata kwa rafiki yake.

Sasa njoo na mbinu hiyo Kasekese, wilayani Tanganyika, mkoani Katavi. Tuseme kijana ana simu tu, na kisa chake ni cha mtu na dada yake wanaotoka kuteka maji. Aliyejitwika ndoo hainami kutazama miguu yake. Shingo haigeuki peke yake. Hugeuka mwili mzima, polepole. Basi kamera nayo isirukeruke. Kama mbebaji ni mtoto wa miaka 9, ishuke mpaka kimo cha macho yake, mahindi ya kandokando yaizidi urefu. Maji yasikike yakigonga ndoo, na pumzi zake. Kisha dada aliyetangulia ageuke, nasi tuhamie machoni mwake: mdogo wake huyo, bega limelowa, anajikaza asiombe kupumzika.

Wewe mwenye simu, kabla hujapiga shoti hata moja, jitwike ndoo iliyojaa uitembee njia hiyo mpaka nyumbani.