Ukuta nao unachanua?



Kijana mumoja wa kwaya yetu, anayejifunza Kiingereza mangaribi juu anatafuta kazi katika kampuni, aliniletea karatasi yenye neno moja tu: "efflorescence". Akaniambia: "Baba Pasta, diksionere yangu inasema maana yake ni kuchanua kwa maua. Lakini katika kitabu cha wajenzi wameandika ya kwamba ukuta uko na efflorescence. Ukuta unachanua namna gani?" Nilicheka kidogo. Kisha nikaona swali lake linastahili jibu, na labda wewe pia msomaji litakusaidia.

Neno hili linatoka katika Kilatini, njo maana Wafaransa na Waingereza wanaliandika sawasawa. Lakini Mwingereza hana kulisema kila siku. Yeye anatumia ndugu zake watatu, na hawa usiwachanganye. "Flower" ni ua lolote, la kila siku. "Blossom" ni zaidi maua ya muti wa matunda: ukiona muembe umejaa maua, ile ni blossom, kwa maana nyuma yake unangojea embe. "Bloom" ni ua linalotazamwa kwa uzuri wake, kama waridi mbele ya nyumba. Hata binti mwenye afya na ngozi yenye kung'aa wanaweza kumwambia neno hilo. Ukiandika katika barua yako kwamba kampuni iko katika "blossom" ya mwembe, watakuelewa, lakini watakucheka. Sisi vilevile tuko na mpango wetu: muti unachipuka, unachanua, unazaa. Shamba likiendelea vizuri tunasema linasitawi. Kila neno na wakati wake.

Sasa ule ukuta. Umekwisha kuona unga mweupe unaotoka juu ya matofali, zaidi nyuma ya mvua? Watu wengine wanasema ni uchawi, wengine wanasema fundi aliiba simenti. Hapana. Maji yanaingia katika tofali, yanayeyusha chumvi iliyo ndani yake, yanaileta inje. Jua linakausha maji, chumvi inabaki juu ya ukuta kama ua jeupe. Njo efflorescence ya wajenzi. Ukipaka rangi juu yake, rangi itabambuka tena. Usikimbilie kuosha kwa maji mengi, utairudisha ndani. Pangusa na burosi ikiwa kavu, kisha tafuta fasi maji yanapoingilia: mabati yanayovuja, ao udongo uliorundikwa chini ya ukuta.

Waganga nao wanatumia neno lile lile kwa mapele yanayotokea juu ya ngozi. Ua juu ya muti, chumvi juu ya ukuta, mapele juu ya mwili: neno moja. Kijana wangu aliona ni ajabu ya Wazungu. Mimi nilimwambia afungue Biblia.

Katika Hesabu 17 fimbo ya Haruni ilichanua kwa usiku mumoja na kuzaa lozi. Katika Walawi 13 ukoma unatokea na kuenea juu ya ngozi. Katika Walawi 14 pigo linarudi katika ukuta wa nyumba, baada ya kuhani kuamuru majiwe yatolewe na ukuta ukwanguliwe. Katika Kiswahili chetu huwezi kujua, lakini katika Kiebrania fasi zote tatu ni kitenzi kimoja, parakh: kuchanua. (Sisemi pigo lile lilikuwa chumvi ya simenti! Ninasema juu ya neno tu.) Soma tena Zaburi 92. Waovu wanachanua kama majani, wenye haki wanachanua kama mtende, na kitenzi ni kile kile. Ukitazama siku ile ya maua tu, huwezi kuwatenganisha.

Wengi tunaoishi karibu na machimbo tunajua vilima visivyo na miti mikubwa, katikati ya pori. Huko kunaota kimea kidogo chenye maua ya rangi ya zambarau, jamaa moja na lumbalumba. Wenye elimu wanakiita Haumaniastrum katangense. Wafaransa wanasema ua la shaba. Kinavumilia shaba nyingi ambayo ingeua mimea mingine. Wataalamu wa mimea, kama François Malaisse aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walionyesha ya kwamba ua hili linasaidia kugundua fasi wazee wetu walipoyeyushia mukuba zamani, mbele kampuni yoyote haijafika. Kuna vilevile Crotalaria cobalticola, yenye maua ya manjano, inayoota katika udongo wa kobalti.

Mama mumoja mujane wa kanisa letu aliona kilima cha namna hiyo kimejaa maua. Alikuwa na ndoo moja ya mahindi ya mbegu, na watoto wane. Aliniambia: "Pasta, fasi inayochanua hivi, Mungu ameibariki. Nitalima pale." Mimi nilikwisha kufanya kosa lile mwaka wangu wa kwanza katika kazi: mahindi yangu yalitoka manjano, mizizi mifupi, na bukari sikuila. Shaba ikizidi inaharibu mizizi, na mboga za majani zinaweza kuvuta madini ndani yake, ambayo mutoto atakula bila kuona.

Hakuniamini, na sikumulaumu, kwa maana maua yalikuwa mazuri kweli. Tulipatana hivi: apande mukono mumoja wa mbegu pale juu, na mukono mumoja chini, karibu na muto, mbali na maji yanayotoka kwenye machimbo. Nyuma ya majuma matatu alinipeleka kuona. Ya chini yalikuwa yananifika gotini. Ya juu hayakupita kiganja, na yalikuwa manjano. Mama alinyamaza, akang'oa moja, akatazama mizizi yake. Kisha akachukua ndoo, tukashuka mutoni.