Madigadi ya Bondeni: Pima Nafasi Kabla ya Kutazama Umbo

Tope la Bonde la Kilombero halichafui tu, linajijenga. Tairi la mbele linalibeba, linalikandamiza kwenye tumbo la madigadi, na kila mzunguko unaongeza tabaka jingine. Likichanganyika na mabua ya mpunga yaliyodondoka njiani wakati wa mavuno, linashikana kama udongo wa kukandikia nyumba. Mwendeshaji anaanza kuhisi pikipiki nzito, anaongeza mafuta akidhani injini imechoka, halafu gurudumu la mbele linagoma ghafla. Gurudumu la nyuma likigoma, pikipiki inaburuzika na dereva anaweza kuidhibiti. La mbele likigoma, anatupwa, na kama nyuma amempakia mama mjamzito anayewahi hospitali Ifakara, wanaanguka wote wawili.

Ndiyo maana naichukulia madigadi kuwa kifaa cha usalama. Kwa anayeibadilishia pikipiki yake sura, swali la kwanza liwe ni sentimita ngapi zinabaki kati ya tairi na bati, mzigo ukiwa juu. Rangi, mkato na urembo vifuate baadaye.

Nasema hivi kwa sababu vijana wengi wenye ubunifu wanaiga pikipiki wanazoziona kwenye simu: madigadi ya mbele imeng'olewa kabisa, ya nyuma imekatwa ikabaki kipande kama kiganja. Mtindo huo una historia ya heshima. Wamarekani walianza kupunguza mabati ya pikipiki zao kati ya miaka ya 1930 na 1940 ili ziwe nyepesi na ziende kasi, na baada ya Vita Kuu ya Pili ukasambaa sana. Lakini ulikulia kwenye barabara za lami na hali ya hewa kavu. Huku kwetu mito inashuka kutoka Udzungwa, inakatiza barabara ya Mlimba, na kumwaga maji kwenye uwanda tambarare ambao tangu 2002 umo katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu. Maji yanakaa. Udongo ni mfinyanzi. Mvua za masika zikishika, kati ya Machi na Mei, njia ya kutoka Idete kwenda Mofu si mahali pa gurudumu lisilo na bati.

Kuna ugumu mwingine, nao ni mpya. Bonde sasa lina barabara za aina mbili. Kutoka Kidatu kuja Ifakara kuna lami, na tangu Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 lizinduliwe mwaka 2018, watu hawasubiri tena kivuko kuvuka Mto Kilombero kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi. Pikipiki moja inaweza kukimbia kilomita 80 kwa saa asubuhi, na jioni ikasukumwa kwa mikono kwenye tope la mashamba. Kila hali inadai madigadi yake, na mwenye pikipiki lazima aamue anaitumikia ipi zaidi.

Tuanze na ya mbele, maana ndiyo yenye hatari na ndiyo inayofikiriwa kidogo. Iko ya chini na iko ya juu. Ya chini, ambayo Boxer, TVS na pikipiki nyingi za Kichina huja nayo, imefungwa kwenye miguu ya shokapu. Gurudumu likipanda, nayo inapanda, likishuka, inashuka. Kwa hiyo nafasi kati yake na tairi haibadiliki, na kiwanda kinaweza kuibana mpaka ibaki sentimita mbili au tatu tu. Ina faida zake: inazuia maji karibu kabisa na chanzo, haishikwi na upepo, na kwenye pikipiki nyingi kile chuma kilicho chini yake kinaunganisha miguu miwili ya shokapu ili isipishane. Ukiing'oa bila kuweka tao la chuma mahali pake, utauhisi usukani ukiyumba, hasa kwenye kona na unapofunga breki.

Madigadi ya juu ni ile iliyozoeleka kwenye Honda XL. Haigusi miguu ya shokapu. Imefungwa juu, kwenye kipande cha chuma kinachozishika shokapu mbili chini ya taa. Gurudumu linapanda na kushuka, yenyewe imetulia palepale. Tope linapata pa kupita na kudondoka. Kwa mfinyanzi, hakuna iliyobuniwa kuishinda. Gharama yake inaonekana kwingine: kwenye lami upepo unaishika na usukani unakuwa mwepesi mwendo ukizidi, na tope lote linalozuiwa na ile ya chini sasa linaelekea kwenye injini. Injini hizi hupozwa kwa upepo. Mapezi ya silinda yakizibwa na mfinyanzi uliokauka, joto halina pa kutokea. Vilevile chuma king'aavu cha shokapu kinapigwa mchanga mpaka sili zinakatika na oili kuvuja. Anayeweka madigadi ya juu aweke pia soksi za mpira kwenye shokapu, na kipande cha mpira mbele ya injini, kilichoning'inizwa kwenye bomba la mbele la fremu. Mpira wa tairi kuukuu unafaa kabisa.

Ushauri wangu kwa mtu wa Mlimba, Mngeta au Malinyi ni ya juu, bila kusita. Kwa anayezunguka Ifakara mjini, Kibaoni na barabara ya Kidatu, ibaki ya chini, ila inyanyuliwe. Fundi anaweza kuweka vipande vifupi vya bomba kati ya madigadi na vishikio vyake, nafasi ikafika sentimita nne au tano. Zaidi ya hapo vishikio vinakuwa virefu, vinatetemeka na kukatika kwenye mishono ya kuchomelea.

Sasa hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Tairi lililoandikwa 2.75-17 lina upana na kimo cha takribani inchi 2.75, juu ya rimu ya inchi 17. Msimu wa mvua ukikaribia, mtu analitoa na kuweka 3.50-17 lenye kashata kubwa ili lishike tope. Amefanya vema. Lakini tairi hilo limepanda kwa robo tatu ya inchi, yaani milimita 19 hivi. Kama nafasi ya awali ilikuwa milimita 25, imebaki 6, na bado kashata zenyewe hazijavimba kwa tope. Tairi zuri limegeuzwa kuwa mtego. Upana nao umeongezeka, kutoka milimita 70 kwenda karibu 89. Madigadi inapaswa kulizidi tairi kwa sentimita mbili hivi kila upande, hivyo tafuta yenye upana wa sentimita 13. Kwa kifupi, usinunue madigadi kabla hujajua ni tairi gani utakalotumia masika.

Kwa madigadi ya juu kuna kipimo cha pili. Shokapu za mbele za pikipiki hizi hubonyea takribani sentimita 12 au 13 zikifika mwisho. Gurudumu likiwa limening'inia hewani, kati ya tairi na bati pawe na umbali huo, na juu yake sentimita nne za tope. Usikisie. Funga usukani kwa mkanda wa kufungia mizigo, uvute chini kuelekea kwenye ekseli ya mbele mpaka shokapu zifike mwisho, kisha zungusha gurudumu kwa mkono na ugeuze usukani kulia na kushoto. Likigusa popote, hata kidogo, inua madigadi au itafute nyingine. Jaribio hili halimalizi nusu saa, na fundi anayelikataa si wa kumwachia pikipiki.

Nyuma, kanuni inatokana na namna tope linavyoondoka kwenye tairi. Haliondoki kwa kupinda. Linachomoka kwa mstari ulionyooka, kuelekea kule ambako sehemu ile ya tairi ilikuwa inaenda wakati huo. Sehemu ya nyuma kabisa ya gurudumu, usawa wa ekseli, inaelekea juu moja kwa moja. Ya juu kidogo ya hapo inaelekea juu na mbele, yaani mgongoni kwa abiria. Hivyo madigadi iliyokatwa ikaishia chini ya siti inaliacha wazi eneo lile lile linalomlenga abiria. Iteremshe mpaka usawa wa ekseli, au malizia kwa kipande cha mpira chenye jina la kijiwe chako kama unapenda, na mgongo wa abiria umesalimika. Mbele, kwa madigadi ya chini, shuka zaidi: ncha ya nyuma ipite chini ya ekseli, kwa sababu tope linalochomoka chini ya hapo ndilo linaloparuza injini na miguu ya dereva.

Mzigo pia huipunguza nafasi ya nyuma. Magunia mawili ya mpunga na dereva wanazibonyeza shokapu karibu zote, na shimo moja linamalizia kilichobaki. Pima ukiwa umepakia mzigo wako wa kweli. Na keria ishikiliwe na fremu. Nimeona keria zilizochomelewa juu ya bati la madigadi. Bati linapasuka taratibu pale linapofungwa, gunia linaketi juu ya tairi, na harufu ya mpira unaoungua ndiyo inayomwarifu dereva.

Kuhusu malighafi, mbele napendelea plastiki laini, ile inayokunjika ukiibana kwa mkono na kurudi. Honda walitumia aina ya plastiki kwenye madigadi ya mbele ya Super Cub tangu 1958, na haikuwa kwa ajili ya bei peke yake: plastiki ni nyepesi, haioti kutu, na ikigonga kisiki inapinda na kujirudia. Jihadhari na ile ngumu inayopasuka kama kigae. Nyuma bati la chuma linafaa, geji 18, ambayo ni milimita 1.2 hivi. Geji 16 ni nzito bila sababu. Kutu huanzia ndani, mahali tope linapokaa na unyevu siku nzima, kwa hiyo paka rangi ya lami upande wa ndani kabla ya kufunga, kisha usafishe kila unapoosha pikipiki.

La mwisho linahusu bolti. Kichwa cha bolti, kile cha mviringo, kikae ndani upande wa tairi. Nati na mkia wa bolti vitokeze nje. Mafundi wengi hufunga kinyume kwa sababu nati inafikika kwa urahisi, na siku shokapu zikibonyea hadi mwisho, mkia ule unalichana tairi kwa mzunguko wote. Weka washa za mpira kila tundu ili kupunguza mtetemo. Nyaya za taa ya nyuma zipitishwe juu ya bati, zifungwe vizuri mbali na tairi, na ukiifupisha madigadi hakikisha taa na namba ya usajili vimepata mahali vinapoonekana, maana malori ya miwa na mpunga yanatembea usiku pia.